Kipande cha jiko kwa debe moja na nusu la mahindi

Kuna sentensi niliyoisikia tangu nikiwa darasa la tano, na sitaki mtoto yeyote aisikie kutoka kinywani mwangu: kwamba wazee wetu walidanganywa kwa shanga wakatoa pembe za ndovu. Watoto wakiambiwa hivyo hucheka. Wanamcheka babu wa babu yao, na kicheko hicho hakiishii darasani. Kinakaa moyoni na kukua nao, mpaka unampata kijana anayeamini kwamba ametoka kwenye ukoo wa watu wasiojua thamani ya kitu. Nami naishi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mji wa watu waliojua thamani ya kila kilichopita mbele yao, kuanzia chumvi hadi ushanga mmoja mmoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumamosi asubuhi watoto wa mtaa wetu, wengi wao wa darasa la nne hadi la saba, huja uani kwangu chini ya mwembe tukasoma mambo ambayo ratiba ya shule haiyapi nafasi. Hakuna ada. Mzazi mwenye uwezo huleta sukari au unga wa uji. Muhula huu tumejikita kwenye biashara ya mali kwa mali, na nimeanzia mbali: Amerika, tangu wageni wa kwanza kutoka Ulaya hadi safari za wapelelezi waliofuata. Walimu wenzangu wameniuliza kwa nini niende huko kote wakati Makumbusho ya Livingstone yapo hapa hapa, watoto wanapita jirani nayo wakitumwa dukani.

Sababu ni kwamba historia ya nyumbani humfikia mtoto ikiwa imeshahukumiwa. Ukitaja Livingstone, Stanley, Waarabu au watumwa, kila nyumba ina simulizi yake, na mtoto huja nayo akiwa ameshachagua upande. Lakini uani kwangu hakuna mjukuu wa Wamandan, wenyeji wa Amerika Kaskazini. Hakuna aliyerithi aibu wala fahari ya watu wa mto Missouri. Wanawatazama wale watu kwa macho mapya, wanauliza maswali ya maana, na wakishazoea kuuliza hivyo ndipo ninapowarudisha Ujiji.

Nilianza na wapelelezi wawili wa Marekani, Lewis na Clark. Rais Thomas Jefferson wa Marekani aliwatuma wapande mto Missouri, wavuke milima, wafike bahari ya Pasifiki na kurudi. Waliondoka Mei 1804, wakarudi Septemba 1806. Kabla ya safari Lewis alitenga dola 696 za kununulia zawadi na bidhaa za kubadilishana. Ndani yake kulikuwa na visu, ndoana, mikasi, tumbaku, shanga na sindano 4,600.

Hiyo idadi ya sindano iliwashangaza watoto kuliko kitu kingine. Sindano zote hizo za nini? Sikujibu. Niliwaambia wafikirie safari ya mashua na miguu, mizigo ya kubeba na mwaka mzima au zaidi bila duka. Mvulana mmoja ambaye baba yake huchukua bidhaa Kasulu na kuzipeleka vijijini kwa baiskeli alijibu haraka: sindano haiozi, haivunjiki, haichukui nafasi, na kule unakokwenda hakuna anayeitengeneza. Sikuwa na la kuongeza. Mtoto huyo hesabu zake darasani si nzuri, lakini kanuni ya mfanyabiashara wa masafa aliisema kwa pumzi moja.

Kisha tukaingia kwenye kisa ambacho ndicho kiini cha mchezo wetu. Majira ya baridi ya 1804 kuingia 1805 wapelelezi hao waliyapitisha karibu na vijiji vya Wamandan, katika jimbo ambalo leo linaitwa North Dakota. Wamandan walikuwa wakulima. Walikaa kwenye nyumba kubwa za mviringo zilizofunikwa udongo, wakalima mahindi, maharage na maboga kando ya mto. Mashamba na mavuno yalikuwa mali ya wanawake. Nilipolisema hilo wasichana walikaa sawasawa kwenye mkeka.

Na vijiji vile vilikuwa soko muda mrefu kabla ya Lewis kuzaliwa. Watu wa mbugani walileta ngozi, nyama kavu na, baadaye, farasi. Wachuuzi kutoka upande wa Kanada walileta bunduki na vitambaa. Wote walikuja kwa sababu Wamandan walikuwa na chakula cha ziada. Nilichora mto ubaoni, nikachora vijiji, nikachora mishale ya bidhaa ikitoka pande zote, halafu pembeni nikachora ziwa na Ujiji, na mishale yake: chumvi kutoka Uvinza, mawese kutoka mwambaoni, samaki wakavu, pembe kutoka ng'ambo. Sikueleza zaidi. Niliiacha michoro miwili ubaoni asubuhi nzima.

Chakula cha wapelelezi kilipopungua, mhunzi wao, John Shields, alianza kufua mashoka ya vita ambayo Wamandan waliyapenda, wao wakalipa kwa mahindi. Chuma kilipokuwa kinakwisha, Lewis aliruhusu jiko lao la bati lililokwisha kuungua likatwe vipande. Tarehe 6 Februari 1805 aliandika kwamba kwa kila kipande cha inchi kama 4 kwa 4, yaani karibu sentimita 10 kila upande, walipata galoni 7 hadi 8 za mahindi. Nimeipigia hesabu kwa vipimo vyetu: ni kama debe moja na nusu. Debe moja na nusu la mahindi kwa kipande cha jiko bovu kinachotosha kwenye kiganja!

Hapo ndipo watoto walipocheka, nami nilikuwa nimekingojea kicheko hicho. Niliwagawa makundi mawili. Wasichana wakawa Wamandan, wakapewa mahindi halisi kwenye ndoo na kopo la kupimia. Wavulana wakawa wapelelezi, wakapewa vipande vya boksi nilivyovikata sawasawa (bati ningeogopa, linakata vidole). Sheria ilikuwa ngumu kidogo kwa wavulana: uji uko jikoni, unanukia, na hakuna anayekunywa mpaka kundi lake liwe na kopo za mahindi za kutosha. Wamandan wao wangeweza kunywa wakati wowote.

Binti mmoja ambaye mama yake anauza dagaa Kibirizi ndiye aliyefungua soko. Kabla ya kutaja bei aliuliza tu, kwa upole, "Kaka zangu, mna vipande vingapi?" Mvulana mdogo akamwonyesha bahasha yote. Bei ikaporomoka hapo hapo. Wakubwa wake walimvuta pembeni wakamgombeza, wakarudi wakiwa wameficha nusu ya vipande, wakaanza upya. Kuanzia hapo sikuwa na kazi ya kufundisha. Walijifunza wenyewe kwamba aliye na njaa hupewa bei mbaya, kwamba kitu kikionekana kingi hupungua thamani, kwamba ukitaka kununua vizuri kaa kimya kuhusu haja yako.

Tulipomaliza na wote wakanywa uji, niliuliza: kati ya Wamandan na Lewis, nani alidanganywa? Wengi wakasema Wamandan, maana jiko lilikuwa takataka. Msichana aliyekuwa ameshika ndoo akakataa kabisa. Alisema yeye mahindi anayo, yalimzidi tangu mavuno, lakini chuma hana na hawezi kukichimba. Ni kweli: vipande vile walivitumia kutengeneza vyembe vya mishale na vifaa vya kukwarulia ngozi. Chembe cha chuma kinapiga nyama leo na mwakani. Debe na nusu la mahindi linaliwa likaisha. Mwingine akaongeza kwamba Lewis naye hakupoteza, kwani jiko bovu halipikwi wala haliliwi. Nikaandika safu mbili ubaoni, kinachozidi na kinachopungua, kila upande, wakajaza wao. Ukiitazama safu hizo ikijaa, neno kudanganywa linakosa pa kukaa.

Juma lililofuata tulishuka na wapelelezi mpaka Pasifiki, kwa Wachinook wa mdomo wa mto Columbia. Hao walikuwa wameshazoea meli za wafanyabiashara; Mmarekani Robert Gray aliingia mto ule Mei 1792. Lewis alilalamika kwenye shajara yake kwamba ni wagumu mno wa bei: wakihisi una haja na kitu, watakaa siku nzima wakibishania mizizi ya kiganja kimoja. Anasimulia jinsi alivyomjaribu mmoja wao. Alimpa saa yake, visu viwili na shanga nyingi kwa ngozi ndogo, duni, ya fisimaji wa baharini ambayo hakuihitaji. Mchinook yule aliona kwamba kama mgeni anatoa vyote hivyo basi ngozi ni ya thamani, akakataa, akataka shanga mara mbili. Kesho yake alirudi mwenyewe akiibembeleza, akaiuza kwa nyuzi chache za shanga zile zile.

Watoto walikifurahia kisa hiki kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kila mmoja alikuwa na mama au shangazi aliyefanya hivyo hivyo. Walianza kuigiza sokoni Mwanga, mmoja anaondoka kwa madaha, mwingine anamwita, "Njoo basi mama, tuelewane!" Niliwaacha wacheze mpaka wakachoka.

Halafu kuna rangi. Wachinook walitaka shanga za buluu. Nyeupe zilifuata, nyingine hawakuzijali. Mtu aliyebeba mzigo wa nyekundu kuvuka bara zima alikuwa amebeba mawe. Kufikia Machi 1806 Lewis aliandika kwamba bidhaa ndogo ndogo walizobakiwa nazo zingefungwa kwenye leso mbili. Njiani kurudi, kwa watu wa Nez Perce, walikata vifungo vya makoti yao ili wapate mizizi ya kula. Nilikuja na kopo la vifungo vya mashati ya zamani, nikawagawia, nikasema haya ndiyo makoti yenu. Wapelelezi waliotoka na sindano 4,600 wanauza vifungo: sasa ni nani mnyonge sokoni?

Kati ya visa vyote vya safari hiyo, kilichotufikisha kwenye jambo zito ni cha mkanda wa Sacagawea. Alikuwa mwanamke wa Kishoshone, kijana mno, mke wa mkalimani, na alikuwa amebeba mtoto mchanga aliyezaliwa Februari 1805 kwenye kambi ile ya Wamandan. Novemba 20, 1805, Wachinook walikuja na joho la ngozi mbili za fisimaji, zuri kuliko yote waliyoyaona wapelelezi. Walitoa hiki na kile, mwenye joho akakataa. Alitaka shanga za buluu. Shanga za buluu zilizobaki zilikuwa kwenye mkanda aliouvaa Sacagawea kiunoni. Mkanda ukatolewa, joho likapatikana, na kesho yake Sacagawea akapewa koti la kitambaa cha buluu kuwa fidia.

"Mwalimu, aliulizwa?" Aliyeuliza ni msichana wa darasa la sita ambaye huwa hasemi. Nikamwambia Clark aliandika mkanda ulivyotoka na koti lilivyotolewa, lakini ruhusa yake hakuiandika. Akasema, "Basi yeye hakufanya biashara. Walifanya biashara na mkanda wake."

Kwa maoni yangu swali hilo ndilo kipimo cha somo zima, na nimelifanya kuwa la kwanza kila tunaposoma kisa kipya. Hatuanzi tena na nani alipata zaidi. Tunaanza na: huyu angeweza kukataa? Mmandan angeweza, aliingia nyumbani na mahindi yake akalala. Mchinook alikataa, tena mbele ya saa na visu. Ukishaliweka swali hilo mbele, hadithi ya Christopher Columbus inasomeka upya, na naomba mwalimu au mzazi anayesoma hapa asiiruke.

Oktoba 12, 1492, Columbus alifika kwenye kisiwa cha Bahama ambacho wenyeji, Wataino, walikiita Guanahani. Alitoa kofia nyekundu na shanga za kioo. Wao wakaja kwa kuogelea na kwa mitumbwi, wakaleta kasuku, mabunda ya nyuzi za pamba na mikuki. Katika visiwa vilivyofuata zilizopendwa zaidi ni njuga, zile ndogo za shaba ambazo Ulaya walizifunga miguuni mwa mwewe wa kuwindia. Wataino walizipenda kwa mlio wake, wakazitolea vipande vya dhahabu. Nilileta njuga za ngoma, nikazipitisha mkono kwa mkono. Nani kati yenu asiyezipenda? Dhahabu kwa Mtaino ilikuwa pambo, na njuga ilikuwa pambo lenye sauti. Mpaka hapo kila mtu alichagua.

Miaka mitatu baadaye, 1495, njuga ile ile ilikuwa na kazi nyingine. Kwenye kisiwa cha Hispaniola, ambako leo kuna Haiti na Jamhuri ya Dominika, Columbus aliamuru kila Mtaino wa miaka 14 na kuendelea katika maeneo ya dhahabu alete njuga iliyojaa dhahabu kila baada ya miezi mitatu. Wasio na dhahabu walete pamba. Aliyelipa alipewa alama ya kuvaa shingoni. Asiyelipa aliadhibiwa. Watu walikimbilia milimani, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia, maradhi mageni yakamalizia, na ndani ya miongo michache Wataino wa kisiwa kile walikuwa wamebaki wachache mno.

Sikutumia sauti ya huzuni nilipowaambia. Niliweka njuga juu ya meza nikawauliza ni kitu gani kimebadilika. Kitu ni kile kile, shaba ni ile ile, watu ni wale wale. Walijibu wenyewe. Mwaka 1492 Mtaino aliinyooshea njuga kidole akasema nitakupa dhahabu ukinipa hii. Mwaka 1495 mtu mwenye upanga aliinyoosha akasema ijaze. Mtoto wa darasa la nne ameelewa tofauti ya biashara na unyang'anyi, na hakuna mstari wa kitabu uliomwambia akariri.

Manhattan tuliipitia haraka. Watoto wakubwa walishasikia kwamba kisiwa cha New York kilinunuliwa kwa shanga. Barua ya Novemba 1626 inayolitaja jambo hilo inasema kisiwa kilinunuliwa kwa thamani ya gilda 60, na shanga haizitaji. Meli iliyopeleka habari hiyo Uholanzi ilibeba pia ngozi 7,246 za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito yaliyotengenezewa kofia Ulaya. Niliwauliza tu: hapa kwetu kiwanja kinauzwaje? Wakataja majirani, mashahidi, mwenyekiti wa mtaa, karatasi. Je, pande zote mbili za Manhattan zilielewa kitu kimoja kwa neno kuuza? Tukaliacha hapo.

Biva lakini walitupa mchezo mwingine mzuri. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa 1670, ilihesabu kila kitu kwa ngozi ya biva mmoja mkubwa aliye mzima. Sufuria, baruti, blanketi, vyote vilikuwa na bei kwa biva, hata kama siku hiyo hakuna biva aliyebadilisha mikono. Watoto wakachagua kipimo chao: sado la dagaa wakavu. Kisha wakaandika bei za vitu vya nyumbani kwa sado la dagaa. Daftari, kanga, kuku, dumu la mawese, nauli ya bodaboda mpaka mjini. Ubishi ulikuwa mkali kwenye kuku, maana mmoja aling'ang'ania kwamba jogoo na mtetea hawawezi kulingana. Ukitaka kuona mtoto akifanya mgawanyo wa desimali bila kulazimishwa, jaribu hili.

Na ndipo tukarudi Ujiji.

Niliwasimulia kuhusu Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika hapa Februari 1874 na kulielezea soko letu. Alikuta fedha ya soko ni ushanga uitwao sofi, wenye umbo la vipande vidogo vya shina la kiko. Asubuhi soko likifunguliwa walikuwepo wanaume wenye mifuko ya sofi. Ukija na shanga za namna nyingine, wanakubadilishia upate sofi za kununulia. Soko likifungwa, wauzaji waliojaa sofi wanawarudishia na kuchukua shanga wanazozitaka, na wale wanaume wanapata faida asubuhi na jioni.

Binti wa Kibirizi alishangaa. "Mwalimu, hao si kama wale wanaobadilisha faranga za Kongo na za Burundi?" Ndiyo, mwanangu, hao hao. Kazi wanayoifanya wajomba zako pale bandarini ilikuwa inafanywa kwa shanga, Ujiji hii hii, zaidi ya miaka 140 iliyopita. Tulicheza soko hilo pia. Wawili walikuwa wabadilishaji, wakajiwekea faida yao, na mmoja wao alimaliza asubuhi akiwa tajiri kuliko wauza samaki wote bila kugusa samaki hata mmoja. Wenzake walimtazama kwa hasira na heshima kwa pamoja.

Stanley, aliyepita Tabora akaja kumkuta Livingstone hapa mwaka 1871, alijua mapema Unguja kwamba shanga hazifanani machoni pa watu. Nyeusi zilipokelewa Ugogo, kwingine zikakataliwa. Zile kubwa zilizoitwa sungomaji zilipendwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, kwingine hazikuwa na thamani. Alilazimika kununua magunia ya aina nyingi na kukisia. Nilipowasomea hilo watoto walipaza sauti karibu wote: "Wachinook!" Hawakuhitaji niwaambie kwamba watu wa hapa walikuwa wanunuzi wenye kuchagua, waliomrudisha mgeni na mzigo wake kama rangi haikuwapendeza.

Na kitambaa je? Merikani, pamba nzito isiyopaushwa, ilitoka viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja na meli, nyingi za bandari ya Salem, hasa baada ya mkataba wa Marekani na Sayyid Said wa mwaka 1833. Kutoka Unguja ilibebwa kwa mabega ya wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, ikapita Tabora ikafika ziwani. Huko huko Massachusetts, kati ya 1637 na 1661, walowezi wa Kiingereza wenyewe walilipana kisheria kwa wampamu, shanga za kombe zilizotengenezwa na wenyeji wa pwani. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba kulipa kwa shanga ni jambo la watu wa porini.

Merikani ilipimwa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Nilileta kamba nikawaambia wapime doti. Ikatokea vurugu, kwa sababu mvulana mrefu wa darasa la saba alipata doti ndefu kuliko ya msichana wa darasa la nne kwa karibu mkono mzima. Mkono wa nani utumike? Muuzaji alitaka wa yule mdogo, mnunuzi wa yule mrefu. Nadhani walibishana kwa moyo wote kama walivyobishana wenye mali halisi.

Kuhusu pembe, hapa nina la kusema na nalisema kila mara. Pembe za ndovu zilizotoka bara zilifika Marekani zikawa vitana, mipira ya mchezo wa biliadi na, katika jimbo la Connecticut, vibao vya kubonyeza vya piano. Mapambo na starehe. Mwanamke wa Ujiji alitaka ushanga wa kupendeza shingoni, mwanamke wa Boston alitaka piano sebuleni. Kwa nini wa kwanza aitwe mjinga na wa pili aitwe mstaarabu? Nimewauliza watoto na nimewauliza walimu wenzangu, sijapata jibu.

Walifika wenyewe kwenye swali lililobaki. Mvulana wa baiskeli ndiye aliyelitamka: "Na watu, mwalimu? Nao si walibadilishwa kwa vitambaa?" Ujiji ilikuwa kituo kwenye njia ya watumwa, na sitaki mtoto wa Ujiji afichwe hilo. Nilimjibu kwa swali letu. Aliyeuza aliweza kukataa, aliyenunua aliweza kukataa, na aliyeuzwa hakuulizwa. Nikawasimulia kuhusu York, mtu mweusi aliyekwenda na Lewis na Clark njia nzima, akapiga makasia, akawinda, akatumwa na vifungo vile vya makoti kutafuta mizizi kwa Nez Perce. Alikuwa mtumwa wa Clark. Waliporudi mwaka 1806, wanajeshi wa msafara walilipwa mishahara maradufu na kupewa kila mmoja ekari 320. York hakupewa kitu, na alibaki mtumwa kwa miaka mingine mingi.

Mchezo wa watumwa hatuchezi uani kwangu. Mzazi mmoja alinishauri tuuigize ili watoto waelewe, nami nilimkatalia kwa heshima. Mtoto ataigiza njaa ya kungoja uji, ataigiza ubishi wa bei. Sitamfunga mtoto wa mtu kamba nimwite bidhaa, hata kwa dakika moja. Tunasoma, tunazungumza, mwenye kutaka kulia analia.

Jirani yangu mmoja, bibi anayeuza mawese, hukaa nasi siku nyingine akisikiliza. "Shikamoo bibi" zikishaisha, watoto humzunguka. Alituhadithia jinsi mama yake alivyobadilisha chumvi ya Uvinza kwa mawese, na kwamba baada ya kukubaliana kipimo ilikuwa lazima pawe na nyongeza, kijiko au kiganja juu ya kipimo, ili mteja arudi. "Bila nyongeza, mwanangu, umeuza mara moja tu," alisema. Tangu siku hiyo hakuna mchezo unaofungwa uani bila nyongeza. Wamewalazimisha hata Wamandan.

Kama unataka kujaribu nyumbani au shuleni, tumia vitu halisi vya kwenu. Picha hazibishaniwi. Hapa tuna dagaa, chumvi, mawese na muhogo. Mwenzangu wa Tabora atakuwa na asali na karanga. Usiweke fedha kabisa mwanzoni. Upe kila upande kitu kinachouzidi na njaa ya kitu kimoja, na usiwaambie bei. Waulize kila mara nani angeweza kukataa, hata kwenye visa vinavyofurahisha. Na ukifika kwenye mahindi, waeleze kwamba mahindi yenyewe, pamoja na muhogo, karanga, pilipili na tumbaku, yalitoka Amerika na kutufikia kupitia biashara ya baharini, wapate kujua kwamba ugali wa muhogo wanaokula na migebuka ni sehemu ya habari hii.

Jumamosi ijayo tunakwenda Kibirizi asubuhi, boti za mwambao zinaposhusha mizigo. Wazazi wamesharidhia. Kila mtoto atakuwa na daftari na atauliza bei ya kitu kimoja kwa wauzaji watatu, kisha aandike kwa nini hazifanani. Msichana yule asiyesema sana ameomba yeye akae na wabadilishaji wa faranga, na mmoja wao amekubali kumweleza jinsi anavyopanga bei yake ya asubuhi na ya jioni.